Chumba cha karafuu: shajara ya kuandaa faili la tuzo, Chake Chake

Naandika kwa ajili ya wenye chumba kimoja, vitu vya wazee na hamu ya kuomba tuzo ya makumbusho. Chumba chetu kipo Chake Chake, si mbali na ngome kongwe yalimo Makumbusho ya Pemba, na kinahusu jambo moja tu: safari ya karafuu kutoka mtini hadi guniani. Hatua ikikamilika naongeza sehemu yake. Bei nilizoweka ni za hapa Chake; Wete na Mkoani zinaweza kupishana kidogo.

18 Agosti 2024: Kutafuta tuzo

Fikra ilitoka kwa kijana wa kamati aliyerudi kutoka chuo. Hoja yake ni kwamba tuzo huleta jina, na jina litawavuta wageni wa hoteli za Makangale na Wambaa ambao sasa wanaishia baharini. Wazee waliguna, wakamwambia aende kwanza akasome hizo tuzo zinataka nini.

Nyingi alizozikuta hatuwezi kuziomba. Tuzo ya Makumbusho ya Mwaka ya Ulaya, EMYA, iliyoanzishwa mwaka 1977 na Kenneth Hudson, ni ya Ulaya peke yake. Ya Baraza la Ulaya ni hivyohivyo. Mshindi wake hukaa mwaka mmoja na sanamu ya shaba ya Joan Miró, kisha huipokeza mwengine. Art Fund ya Uingereza humpa mshindi paundi 120,000, na pesa hizo zingetutosha sisi hadi wajukuu, lakini nazo zina wenyewe.

Vigezo vyao, hata hivyo, havina uraia. Majaji wa EMYA hufunga safari wakatazame kwa macho yao, na alilokuwa akilisisitiza Hudson ni kile anachopata mtu akiingia, hata kama makabati ni machache. Mwaka 2011 tuzo yenye jina lake ilikwenda Zagreb, Kroatia, kwa Makumbusho ya Mahusiano Yaliyovunjika. Watu wa kawaida walitoa vitu vilivyobaki baada ya mapenzi kwisha, kila kimoja na kisa chake. Kuna shoka humo. Bibi mmoja wa kamati aliposomewa alisema: "Basi na upembo wangu una haki ya kabati." Upembo ni mti wa kuvutia matawi wakati wa kuchuma.

Tulichokichukua moja kwa moja ni muundo wa CECA, kamati ya elimu ya ICOM, baraza la kimataifa la makumbusho. Tuzo yao ya programu bora za elimu hutaka mradi uelezwe ulivyopangwa, ulivyotekelezwa na ulivyotathminiwa. Faili letu tutalijenga juu ya sehemu hizo tatu, kisha tutalipeleka kwenye tuzo moja inayopokea makumbusho madogo ya nchi yoyote. Jina lake nitalitaja majibu yakija.

15 Septemba 2024: Chumba

Bati tatu zimebadilishwa, dari imepigwa, ukuta umepakwa chokaa. Tumeacha rangi ya mafuta kwa sababu ukuta wa zamani lazima upumue. Mabati, mbao na fundi: shilingi 640,000. Meza na makabati mawili ya kioo: 780,000. Seremala alichelewa kama ilivyo ada.

20 Oktoba 2024: Dumuzi, na friza la samaki

Vitu vilianza kuingia: majamvi ya kuanikia, pakacha, ngazi, kamba za kupandia, upembo wa kuvutia matawi, polo (gunia) lililotiwa viraka na pishi mbili za mbao. Wiki ya pili tukaona unga mwembamba chini ya pishi moja. Asubuhi tunafuta, jioni umerudi. Dumuzi, wadudu wanaotoboa mbao.

Hatukutaka dawa. Chumba ni kidogo, watoto watashika vitu, na mtu hatakiwi kunusa karafuu iliyochanganyika na sumu. Njia inayotumiwa na makumbusho mengi ni baridi: kitu kinafungwa ndani ya nailoni, hewa inabanwa itoke, kinawekwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki nzima au zaidi. Pemba hakuna friza la makumbusho, ila mafriza ya samaki yapo tele. Mchuuzi mmoja wa sokoni akakubali kutupa nusu ya lake.

Duru ya kwanza haikufaa kitu. Friza la sokoni hufunguliwa kutwa nzima, kila mteja anataka kuchagua changu wake mwenyewe, na baridi haikai. Umeme nao ulikatika usiku mmoja. Waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, tulioupata mwaka 2010, umetutoa kwenye majenereta, lakini kukatika hakujesha. Tulipoitoa pishi na kuiweka juu ya karatasi nyeupe, siku ya tatu unga ulikuwepo. Zaidi ya hayo, gundi ya karatasi ya kubandika iliachia kwa baridi, na jamvi moja likarudi linanuka nguru.

Tulichobadilisha: tulikodi friza zima wakati mwenyewe amesafiri, tukalizungushia utepe na kuandika USIFUNGUE. Tuliweka kipimajoto ndani na waya wake nje. Friza hilo haliteremki kupita nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa hiyo vitu vilikaa wiki mbili badala ya moja. Nailoni tulizifunga mara mbili, midomo tukaipiga pasi juu ya karatasi ili ishikane. Jambo ambalo watu hulisahau: ukitoa kitu usikifungue. Kiache ndani ya nailoni hadi kifikie joto la chumba, la sivyo umande utatua juu ya mbao na utakuwa umeondoa dumuzi na kukaribisha ukungu. Pishi ilikaa kwenye karatasi nyeupe mwezi mzima. Karatasi ilibaki safi.

Friza na umeme: 60,000. Nailoni, utepe na pamba: 45,000. Jamvi lilitundikwa penye upepo wa kivulini mpaka nguru akaondoka.

17 Novemba 2024: Daftari

Kila kitu kimepata namba, aliyekitoa, kijiji na kazi yake. Hatukuandika juu ya kitu chenyewe. Namba ipo kwenye utepe wa pamba uliofungwa, kwa kalamu ya risasi, maana wino hukimbia kwenye unyevu. Daftari moja lipo chumbani, nakala ipo kwa katibu. Aliyetoa kitu ametia saini kama amekitoa au amekiazima, na hapo patiliwe mkazo: bila saini hiyo, siku ya ugomvi wa mirathi mtajikuta katikati.

12 Januari 2025: Vibao vya ukutani

Hapa ndipo pesa zetu zilipopotea, na ndipo faili lilipopata uzito.

Vibao vya kwanza tulivichapisha Unguja, plastiki ngumu inayong'aa, vikaja kwa meli. Shilingi 210,000. Vilipendeza sana mikononi. Ukutani, mwanga wa mlango ulivipiga vikawa vioo. Msomaji akawa anaona uso wake. Tulivitundika kwa urefu wa mtu mzima, wakati tuliwakusudia wanafunzi wa darasa la tano. Na maandishi yalikuwa marefu. Maalim wa historia tuliyemwalika alisoma kimoja hadi katikati, akageuka: "Jamani, mbona mmeandika khutba?"

Hayo yanarekebishika kwa nyundo na mkasi. Lililotukosesha usingizi lilitoka kwa mtoto. Kibao cha historia kilieleza kuwa mkarafuu uliletwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, kwamba Seyyid Said alihimiza upandwe, na kwamba kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja huku Pemba ikinusurika, ndiyo maana kisiwa chetu kikawa ndicho chenye karafuu. Yote kweli. Mtoto wa jirani aliyekuja kutazama tunavyotundika akauliza mikarafuu hiyo aliipanda nani. Kibao kilikuwa na Sultani, kilikuwa na upepo, hakikuwa na mtu mwenye jembe.

Jibu kila mtu kwenye kamati alilijua. Mashamba ya karafuu ya karne ile yalipandwa na kuchumwa kwa kazi ya watumwa, Pemba kama Unguja. Ugomvi ukawa kama liandikwe. Mzee mmoja, namheshimu sana, alisema kwa upole: "Wanangu, nyinyi mtafunga mlango mwende zenu. Sisi tunaokaa mtaani ndio tutakaoulizwa babu yetu alikuwa upande gani." Hakukosea. Huku watu wanajuana hadi babu wa babu.

Kijana wetu akaleta mfano wa Horniman ya London, iliyopata tuzo ya Art Fund mwaka 2022. Mwanzilishi wake alitajirika kwa biashara ya chai, na makumbusho hayo yameanza kueleza waziwazi utajiri ule ulijengwa juu ya migongo ya nani. Mwaka huohuo yalikubali kuirejeshea Nigeria vitu 72 vilivyoporwa Mji wa Benin, nchini humo. Mimi binafsi sikuupenda mfano huo kwa sababu moja: London wanaeleza habari za watu wa mbali, sisi tunaeleza za mlango wa pili. Lakini ulitusaidia kwa kuonesha kuwa majaji hawamwadhibu anayesema. Wanamtilia shaka anayenyamaza.

Tulikubaliana kanuni moja, nayo tumeiandika kwenye faili neno kwa neno: utumwa unaelezwa, hakuna ukoo unaotajwa, si wa bwana wala wa mtumwa. Kibao kipya kinasema nani alilima. Kinasema kuwa mwaka 1897, enzi za Sultan Hamoud bin Mohammed, amri iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, na kwamba masuria waliachwa nje ya amri ile hadi 1909. Kinamalizia na mashamba ya eka tatu tatu yaliyogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Mzee aliyepinga alikisoma taratibu, akataka neno moja lipunguzwe ukali. Tulilipunguza. Siku iliyofuata alituletea jembe.

Vibao vya sasa ni karatasi iliyobandikwa kwenye plaiwudi, haing'ai, maneno yasiyozidi 60, na ukingo wa juu unafika kifuani mwa mtu mzima. Kikikosewa unabandua unabandika kingine. Gharama 90,000. Anzeni na hivi.

23 Februari 2025: Somo la wanafunzi, na namna ya kujua kama limeingia

Somo lina vituo vitatu. Cha kwanza ni kuchambua: mtoto anapewa kishungi, yaani kichala cha karafuu, anatenga karafuu na makonyo, anaambiwa makonyo nayo hayatupwi, yanakwenda kiwanda cha Wawi kukamuliwa mafuta. Cha pili ni kupima: pishi moja ina vibaba vinne, watoto wanajaza karafuu mbichi, wanapima uzito kwa mizani, kisha wanajaza kavu. Kilo tatu mbichi hutoa takriban kilo moja kavu, na mtoto akiliona hilo kwenye mizani anaelewa kwa nini babu yake huchungulia mawingu siku ya kuanika. Cha tatu ni kibao cha historia na maswali.

Karafuu za kituo cha kwanza huisha haraka. Vichwa vinavunjika kwa kushikwashikwa, na nyengine zinaondoka mifukoni. Mkulima mmoja wa karibu hutujazia bure. Wizi hatukuuzuia.

Kazi ngumu ilikuwa tathmini. Fomu yetu ya kwanza ilikuwa na maswali kama "Umefurahia?" na "Somo lilikuwaje?" Majibu yalirudi yakiwa "ndiyo" na "zuri sana", karatasi baada ya karatasi, mengine yakiwa na mwandiko unaofanana. Mwalimu wao alikuwa amesimama nyuma yao. Mtoto wa Kipemba aliyeketi mbele ya mwalimu wake na mgeni hatasema somo halikumwingia, adabu haimruhusu. Rundo lile halikuwa na hata mstari mmoja wa kupeleka kwa jaji.

Tukaifuta. Badala yake mtoto anapewa karatasi tupu kabla hajaingia, anachora karafuu inatoka wapi na inakwenda wapi. Akimaliza somo anapewa karatasi nyengine na maelekezo yaleyale. Hakuna jina, kuna alama tu ya kuoanisha karatasi mbili. Mwalimu wakati huo anakaribishwa chai nje, na chai ndiyo inayomweka huko.

Tofauti ilionekana bila kuhesabu. Michoro ya kwanza mingi ilikuwa mti, gunia, na kituo cha ununuzi cha Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC. Michoro ya pili ilijaa watu: mchumaji juu ya ngazi, wanawake wamekaa wakichambua, mtu mwenye jembe. Jambo moja halikubadilika na tumeliandika kwenye faili bila kulificha: karibu hakuna mtoto aliyechora karafuu inakokwenda baada ya bandari. Chumba chetu hakisemi lolote juu ya hilo, wala watoto hawakuwa na pa kulitoa. Kituo cha nne kinahitajika.

Gari za kuleta wanafunzi kutoka skuli za nje ya mji: 240,000. Karatasi na penseli alitoa mfanyabiashara asiyetaka kutajwa.

27 Aprili 2025: Masika

Ramadhani tulifunga chumba, na baada ya Idd mvua zikaanza. Vipima unyevu viwili (70,000) tulivinunua mwaka jana na kuvisahau ukutani. Sasa ndivyo tunavyovitazama kuliko saa. Vitabu vya fani hupendelea unyevu wa asilimia 40 hadi 60. Pemba wakati wa masika ukiona 75 unashukuru. Kutafuta 50 kwa mashine ya kukausha hewa ni kutia umeme ndani ya bahari, kwa hiyo tuliacha kufukuza namba tukafukuza ukungu wenyewe.

Ukungu ulianza nyuma ya kabati lililogusa ukuta wa kaskazini, halafu kwenye jamvi lililokunjwa. Kabati tumelisogeza kiasi cha kupitisha mkono. Jamvi limetandazwa juu ya fito. Feni mbili za kutoa hewa (130,000) huwashwa mchana mvua ikipumzika, na usiku huzimwa kwa sababu hewa ya nje ndiyo yenye maji. Ukungu tuliusafisha nje, kivulini, kwa brashi laini, mdomo na pua vimefungwa, upepo wa kusi ukiwa mgongoni. Mama zetu wangetoa jamvi juani, na lingekauka kweli, ila ukindu uliotiwa rangi ungepauka na rangi ndiyo inayosimulia.

Fomu ya tuzo ina sehemu ya dharura. Tulitaka kuijaza kwa mistari miwili, lakini ni nani Zanzibar anayeweza kuijaza hivyo baada ya Beit el Ajaib kuporomoka tarehe 25 Desemba 2020? Jumba la mwaka 1883, lililokuwa makumbusho, na watu walikufa. Fundi alikagua boriti zetu zote, moja ikabadilishwa na mwenye nyumba kwa pesa zake. Orodha ya vitu vya kuokolewa mwanzo imebandikwa mlangoni kwa ndani: daftari, pishi, jembe.

8 Juni 2025: Kuandika faili

Rasimu ya kwanza ilijaa sifa. "Ya kipekee", "ya kihistoria", "kwa mara ya kwanza Afrika Mashariki". Binti anayefundisha Kiingereza skuli ya sekondari, ambaye ndiye aliyetafsiri bila malipo, alizikataa zote kwa sababu ya kazi tu: kila sifa ilikuwa inakula nafasi ya maelezo, na fomu ina kikomo cha maneno. Mahali pa sifa tumeweka duru ya friza iliyoshindwa, rundo la "zuri sana", na michoro miwili ya mtoto mmoja, ya kabla na ya baada.

Picha zilituchelewesha. Tulikuwa nazo nyingi za wanafunzi lakini hatukuwa na ridhaa ya wazazi, na tuzo inaitaka kwa maandishi. Kuzunguka nyumba kwa nyumba kulichukua muda zaidi kuliko kuandika faili zima. Sheha, kiongozi wa mtaa, alitusaidia, na baadhi ya wazazi walikataa. Watoto wao hawamo. Fomu ya ridhaa igawiwe kabla ya somo, pamoja na barua ya mwaliko.

Jumla hadi leo: shilingi 2,265,000. Kati ya hizo, 210,000 ni vile vioo vya kujitazamia. Fedha ni michango ya wanakamati na ndugu walioko Unguja na Dar es Salaam. Hatujapokea ruzuku yoyote.

22 Juni 2025: Limekwenda

Faili limetumwa. Intaneti iligoma picha zilipofika katikati, tukazipunguza ukubwa. Majibu yatachukua miezi.

Yaliyobaki: kituo cha nne, kuhusu karafuu baada ya bandari. Ramani kubwa ya ukutani, tumeomba bei kwa mchoraji wa mabango, tusubiri atasema nini. Vibao vya plastiki vimegeuzwa nyuma, vinafaa kuandikia kwa chaki. Mwenye friza amerudi na analitaka kwa samaki, kwa hiyo mwenye kitu chenye dumuzi asituletee hadi tutakapopata jengine. Karatasi ya maelekezo ya michoro, fomu ya ridhaa na mfano wa daftari tunagawa bure. Njoo na flashi alasiri, Jumamosi hadi Jumatano, na kama mlango umefungwa uliza duka la nyuma.